Mkanda Mwembamba

Ranchi ya Kijito cha Camas, Idaho
4 Januari

Shemeji Verl,

Natumaini paa la gereji halijakuangukia na nyonga yako imepunguza kelele. Huku theluji imefika kwenye madirisha, na njia imefungwa mpaka Mei kama kila mwaka. Ng'ombe wazima. Kuku wanataga kwa sababu nawawashia taa.

Nina swali la kifundi. Corbin ameamua niwe nakwenda kuvunja barafu kule chemchemi ya juu ili ng'ombe wapate kunywa, maana yeye na sledi yake ya injini, ile ya kuendea juu ya theluji, hawawezi kuwa kila mahali. Sledi hanipi, unamjua mdogo wako. Lakini ile pikipiki ya kiangazi imelala bandani, na amekubali nitafute seti ya theluji ya mtumba: ile ya kutoa tairi la mbele ukaweka skii ya kuteleza, na la nyuma ukaweka mkanda wa mpira wenye meno. Wewe unawajua wote wanaouza. Nichukue ipi?

Nataka kujua mambo matatu. Ipi inapita kwenye miti iliyobanana, pale ambapo sledi haipiti? Inawaka upesi kwenye baridi, au inataka kubembelezwa? Na tangi moja linanifikisha wapi?

Samahani kwa mwandiko. Niliteleza kwenye ngazi, mkono wa kulia umefungwa, naandika kwa wa kushoto.

Shemeji yako,
Danae

N.B. Kaka, nimeisoma hii kabla ya kufunga bahasha, kama ninavyozisoma zote. Mke wangu ana maswali kama askari wa barabarani. Mtafutie ya bei ya chini. Corbin.


Gereji ya Tibbets, Harlow
11 Januari

Shemeji wa mkono wa kushoto,

Pole sana na ngazi. Mwambie huyo mdogo wangu azimwagie majivu, majivu ni ya bure na yeye anapenda vya bure.

Seti zilizoko sokoni ni tatu. Ya kwanza ni ya wakili mmoja aliyeinunua mpya, akapanda nayo mlima mara moja, akavunja mguu, na sasa mkewe hataki kuiona. Mkanda mrefu, mpana, una meno marefu kama vidole vyangu. Inaelea juu ya theluji laini na inapanda mlima bila kuhema. Ya pili ni ya marehemu Orval Stroud, mtega mitego, na anayeuza ni dada yake. Fupi, nyembamba, meno yamelika, bati lake limechomelewa huku na kule. Orval alipita nayo Msitu wa Fito miaka yote, ule uliowaka ukaota upya, misonobari imebanana mpaka ng'ombe anageuza. Ya tatu imepinda. Mwenyewe anaapa haijapinda, lakini nilivuta uzi kutoka ribiti ya kwanza hadi ya mwisho, na katikati uzi ukaachana na bati. Hiyo tusiizungumze tena.

Mimi ningekuchukulia ya wakili. Ukiwa na mashine ile hata Corbin ataomba lifti.

Kuhusu kuwaka: pikipiki haikuzaliwa kwa ajili ya theluji. Theluji inairukia injini, injini inapoa kupita kiasi na kukata pumzi. Nitakuwekea thamostati ya kuilindia joto na kifuniko cha rejeta, lakini lazima uipashe moto ikiwa imesimama, mpaka ukishika lile bomba la chini la rejeta uone lina joto. Watu wa hapa wana haraka, wanaondoka injini ikiwa baridi, inawazimikia bondeni, halafu wananiita mimi na trela. Kosa hilo limenilisha miaka mingi.

Swali la tatu limenichekesha. Chemchemi ya juu si mbali, hata supu jikoni haipoi. Tangi moja linakuvusha mlima mpaka Dunmore, kama una miadi ya kutengeneza nywele.

Nitumie mwaka wa pikipiki, vinginevyo vishikizo vya kuifungia seti havitakubali. Na yule mbwa wako Jip hajambo? Mwambie najua ni yeye aliyeiba soksi yangu Krismasi.

Shemeji yako mwenye meno pungufu,
Verl


Kijito cha Camas
18 Januari

Shemeji Verl,

Asante kwa maelezo. Pikipiki ni ya mwaka 2012, Corbin ameniangalizia namba kwenye fremu.

Mimi nataka ile nyembamba. Ya wakili ni kubwa kwangu.

Jip amekufa. Alikuwa anawakimbiza ndama.

Danae

N.B. Kaka, kwa nini anang'ang'ania mbovu? Mtu akipewa nafasi ya kuchagua halafu akachagua kibaya, mimi najiuliza. Nataka maelezo yako, si yake. Na kuhusu mbwa, nilimwonya mara moja. Mzee wetu hakuwa anaonya hata hiyo moja. Corbin.


Kijito cha Camas
18 Januari, ya pili

Verl,

Hii iko chini ya mayai. Oleta ananunua trei moja kila anapoleta posta na ndege yake, na Corbin anakagua bahasha, hakagui mayai.

Sikuteleza kwenye ngazi. Nilimwita Oleta kwenye redio ya upepo nikiomba anitoe huku. Corbin aliushika mkono wangu, akauweka kwenye fremu ya mlango, akaufunga mlango. Kisha akaufungua akaufunga tena, taratibu, huku ananiangalia usoni. Redio ameivunja kwa shoka.

Jip hakukimbiza ndama yeyote. Alimuuma Corbin pajani aliponiburuta kwa nywele. Corbin alimpiga risasi ya tumbo makusudi, ili asife haraka, akanitolea kiti nje nikae nitazame. Nilimwomba ammalize. Akasema mbwa ana muda wa kutosha. Nimemchukia mume wangu siku ile kwa chuki ambayo sikujua ninayo.

Utauliza kwa nini sipandi ndege. Siku ya ndege yeye ndiye anayekwenda uwanjani, na bunduki begani, mimi nabaki nyumbani. Amesema nikionekana karibu na ndege atampiga Oleta kupitia kioo. Namwamini. Askari wa sherifu alikuja Oktoba, akanywa kahawa, wakaongea habari za kuwinda kulungu, akaondoka. Kabla sijasikia ndege ikipaa nilikuwa nimeshapigwa, niko chini.

Najua ni mdogo wako. Najua wewe ndiye uliyemlea Corbin, mzee wenu alipowashinda. Sikuombi uchague kati yetu. Nakuomba uchague seti tu, ile ambayo yeye hawezi kuifuata.

Danae


Harlow
25 Januari
(Ndani ya trei, Oleta anajua)

Danae,

Nimeisoma nikiwa kwenye gari, nikashindwa kushuka. Nimekaa pale mpaka kioo kikaganda kwa ndani.

Ule mlango naufahamu. Mzee wetu alikuwa na wake. Watu wote wa Harlow nimewaambia meno yangu ya mbele yalitolewa na farasi, na Corbin anajua hakukuwa na farasi, kwa sababu alikuwa chini ya meza ameshika mguu wangu.

Sema neno nije. Nyonga ni mbovu lakini kufyatua risasi hakuhitaji nyonga.

Kama hutaki nije, basi sikiliza. Ni ile ya Orval. Uliona vizuri kuliko mimi fundi. Sledi ya Corbin ni pana kama meza ya kulia watu sita, na kwenye Msitu wa Fito haiingii. Kwenye uwanja wazi itakufikia hata ungekuwa na mashine ya wakili, kwa hiyo uwanja wazi usiuamini. Ukishaingia kwenye fito nenda polepole, usishindane na mtu. Shika bonde la kushoto mpaka uone nguzo za umeme, hizo zinashuka Dunmore.

Shida ni kwamba anayelipa ni yeye, kwa hiyo lazima aitake yeye. Hiyo niachie. Nitamwandikia barua mbaya leo. Ukiiona, usiniamini hata neno.

Verl


Harlow
25 Januari

Mdogo wangu Corbin,

Umetaka maelezo, haya hapa. Mkeo kachagua mbovu kwa sababu wanawake wanachagua mashine kama wanavyochagua paka, wanaokota inayotia huruma. Lakini safari hii kabahatisha. Ukimpa ile ya wakili, siku ya kwanza utamtafuta mlimani kwa darubini. Mkanda ule unapanda popote, na mwenye kuupanda anaanza kujiona.

Ya Orval ni kigari cha mtoto. Meno yamelika, theluji laini ikizidi inazama, kwenye mlima inakoroma na kulala. Itamfikisha chemchemi, itamrudisha jikoni, basi. Dada yake Orval anaitoa kwa bei ambayo nimeona aibu kuitaja. Kama hela ni zako, chukua hiyo.

Pole na mbwa. Mbwa akishaanza tabia hiyo hana dawa.

Kaka yako,
Verl


Kijito cha Camas
1 Februari

Kaka,

Leta ya Orval. Ya darubini imenichekesha, nimemsomea Danae naye akacheka, nilimngoja mpaka akacheka. Umesema kweli, kamba fupi ndiyo inayomfaa.

Hata hivyo sibahatishi. Asipokuwa kazini plagi ya pikipiki itakaa mfukoni mwangu. Unakumbuka Mzee alivyokuwa anachomoa waya wa gari la Mama na kuutia ndani ya kofia yake? Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wao wawili. Sasa ndiyo naelewa alikuwa anafikiria mbali. Kumbe nyumba inaendeshwa hivyo.

Usijali habari zake, anajifunza. Wiki iliyopita aliunguza mkate, nikamshikisha sufuria kwa mikono mitupu mpaka akasema samahani kama mtu anayemaanisha. Hajaunguza tena.

Sijawahi kukwambia asante kwa kunilea. Chukulia nimesema. Ukija Mei tutachinja mtamba mmoja.

Corbin


Harlow
8 Februari

Corbin na Danae,

Seti inakuja na Oleta, kajaza nayo ndege mpaka kiti cha nyuma kimetolewa. Kwanza ondoeni magurudumu na mkono wa nyuma wa fremu, ule unaoshika tairi, mviweke mahali pakavu, kiangazi vitahitajika. Vishikizo vya 2012 nimevifunga kwenye kitambaa chekundu. Skii isikae kombo: simama mbele yake, funga jicho moja, ilingane na usukani.

Corbin, mashine hii usiache ilale bandani, rejeta itapasuka na utanipigia kelele mimi. Ilaze kwenye kibanda cha kupashia ndama joto, karibu na jiko. Kila inapolala, ilale humo.

Tini ya grisi ni ya beringi za skii. Ni kazi chafu, mwachie Danae.

Verl

(Kwenye trei.) Danae, Oleta amenipa jibu lako la kwenye mayai kwamba nisije. Nimelimeza, halijashuka. Ndani ya ile grisi, chini kabisa, kuna plagi ya pili imefungwa kwenye nailoni na kifungulio chake kifupi. Injini iliyolala karibu na jiko imeshajipasha yenyewe. Huhitaji kuiunguzia mafuta ikiwa imesimama, huhitaji kelele. Lakini shika bomba la chini kabla hujaondoka. Hata mbingu zikianguka, shika bomba. V.


Kijito cha Camas
22 Februari
(Chini ya mayai)

Verl,

Grisi nimeikuta na kilichomo. Nilikaa kwenye kibanda na ndama nikalia, halafu nikanawa kwa theluji ili macho yasinisemee.

Ulipotaka kuja nilikataa kwa sababu angekuua wewe kwanza, na angenitolea kiti.

Nimejifunza kuipanda. Inataka kulaliwa kwenye kona kama pikipiki, lakini inageuka kwa kuchelewa, kama inafikiria. Juzi ilizama njia ya chemchemi nikachukua muda kuifukua. Corbin alikuwa ananisubiri mlangoni na ile cheni tunayovutia ndama ng'ombe akishindwa kuzaa. Aliizungusha mkononi mara kadhaa. Nadhani mbavu mbili, upande wa kushoto. Baadaye akanitengenezea chai, akaniambia ananipenda, na mbaya zaidi ni kwamba nadhani anasema kweli.

Nimeshaamua siku. Ni siku ya ndege ijayo. Corbin atakuwa uwanjani, na Oleta atakuja na chumvi ya ng'ombe magunia mengi, hatazima injini mpaka yote yashushwe, atasema betri yake ni mbovu. Kelele ya ndege itafunika yangu. Kutoka kibandani mpaka kwenye fito kuna malisho ya nyasi kavu, yako wazi kabisa. Hapo ndipo ninapopaogopa.

Nikifika utasikia. Nisipofika, usimsikilize atakachokuambia kuhusu ngazi.

Danae


Zahanati ya Dunmore
2 Machi

Verl,

Kwenye simu niliweza kukutajia tu mahali alipo Corbin. Mengine ni haya.

Oleta alifanya kama alivyoahidi. Nilifunga plagi, nikashika bomba, lina joto, nikawasha, ikaitikia palepale. Nilikuwa nusu ya malisho ndege ilipozimika. Injini ilijizimia kwa baridi, na betri aliyoisingizia ubovu kumbe mbovu kweli, ikashindwa kuiwasha tena. Kukawa kimya nchi nzima, na kwenye kimya hicho ni mimi tu niliyekuwa naunguruma.

Sledi ilinifikia kama ulivyosema. Corbin aliligonga bati la mkanda ubavuni, nikaruka, nikaanguka kifudifudi. Akashuka. Akaniwekea goti mgongoni, pale penye mbavu, akanikandamiza uso kwenye theluji mpaka nikaanza kuivuta puani. Hakutukana. Alikuwa anasema, "Tulia, Dani. Tulia." Lile shoka la barafu lilikuwa bado kiunoni mwangu kwa sababu kila siku nalifunga hapo kwenda chemchemi. Nililichomoa nikapiga nyuma bila kuona. Lilimwingia kwenye paja, na nilipolivuta nililisikia likikwangua mfupa. Nikapiga tena. Sijui nilipiga wapi. Nataka ujue kwamba ningepiga na mara ya tatu kama asingeniachia.

Pikipiki ilikuwa imelala upande, bado inanguruma. Niliinyanyua. Alifyatua risasi nikiwa naingia msituni, moja imepita kwenye kiti, imetoboa sifongo yote, nimeiona baadaye. Kwenye fito nilikwenda polepole. Matawi yalinichana uso lakini mkanda wa Orval ulipita kila mahali, Verl, hata pale nilipofumba macho nikisubiri kugonga.

Niliamini hataingia. Aliingia, mafuta ameyafungulia yote. Nikasikia miti ikikatika, halafu kishindo, halafu hakuna kitu.

Nilizima injini nisikilize. Aliniita. Aliniita Dani, kwa sauti ile ya kabla hatujaoana. Alisema miguu imebanwa na anasikia baridi. Alisema hatanigusa tena maishani. Nilisimama pale nikisikiliza, na moyo wangu ukageuka kabisa nirudi, usifikiri haukugeuka. Halafu akasema, "Nisipokufa hapa nitakupata." Kwa sauti ileile.

Nikashika bomba la chini. Lilikuwa bado na joto. Nikawasha nikaondoka.

Nimewaambia polisi wa hapa alipo. Wakasema dhoruba inazuia helikopta. Ndiyo maana nilikupigia wewe. Kama ulikwenda, ulikwenda. Kama hukwenda, mimi sitakuuliza.

Danae


Harlow
19 Machi

Shemeji,

Nilikwenda. Tulikuwa mimi na majirani wawili. Tulifuata njia yako kwa sledi mpaka miti ilipotukataza, tukamalizia kwa miguu, mimi nikijikokota na nyonga hii. Sledi ilikuwa imekunjwa katikati ya misonobari miwili, na yeye chini yake. Hai. Ule ukanda wake wa suruali alikuwa ameufunga pajani kuzuia damu, jambo nililomfundisha mimi akiwa mtoto.

Nilikishika kichwa chake wakati wenzangu wanakata bati. Akaniuliza, "Nani alimchagulia ile mashine?"

Nikamwambia, "Mimi."

Akanitemea damu usoni. Sikuifuta mpaka tulipomfikisha njiani, maana mikono yangu ilikuwa na kazi.

Nyonga yake imevunjika na vidole vyote vya miguu vimekatwa. Hakimu amemwachia kwa dhamana mpaka kesi isikilizwe, na sharti ni akae kwangu, kwa hiyo sasa gereji hii ina nyonga mbovu mbili. Yuko chumba cha nyuma. Jana alinirushia sahani ya maharage. Leo amenirushia chombo cha mkojo, na shabaha yake inazidi kuwa nzuri. Nilimpiga kofi. Nilimpiga kwa nguvu, Danae, na mkono wangu ukalifurahia, nikatoka nje nikauchomeka kwenye theluji mpaka ukafa ganzi. Nilikuwa nasikia mlio wa kofi la Mzee.

Ananiuliza uko wapi. Ananiuliza kwa matusi, halafu kwa upole, na upole ndio ninaouogopa. Anajua nikidanganya. Kwenye barua naweza, wewe umeona, lakini ana kwa ana uso wangu unasema kila kitu, ndiyo maana hakuna mtu Harlow niliyewahi kumshinda karata. Kwa hiyo nisijue. Usiniandikie ulipo. Usiniandikie kabisa. Oleta pia asijue, amekubali. Siku ya kesi mwanasheria wako atakuwepo na hiyo inatosha.

Nilikwenda ranchini kulisha ng'ombe. Jip nimemfunika kwa mawe, ardhi bado ngumu kuchimba. Soksi yangu niliikuta kwenye kijumba chake, nimeiweka chini ya mawe pamoja naye.

Magurudumu yako na ule mkono wa fremu vilikuwa bandani, pakavu, kama nilivyosema. Nimeweka mpira mpya wa ndani kwenye la nyuma. Oleta ataviacha kwa muuguzi aliyekufunga mbavu, na wewe utaona namna ya kuvipata. Theluji inakwisha, na skii haiendi kwenye lami. Ukifunga la nyuma, usikaze ekseli mpaka cheni ilegee kiasi cha vidole viwili. Ikibana sana itakatika njiani, na mimi sitakuwa karibu na trela.

Nilikuwa na shemeji mmoja tu wa kumtania.

Verl


(Kikaratasi, bila jina wala mahali)

Magurudumu yamefika. Nimeyafunga mwenyewe. Cheni imelegea vidole viwili, vya mkono wa kulia.